Majogoo 37 kwenye insha 54: nilivyoacha kuzungushia duara kila kosa (uzi mrefu)

#1 MwalimuWaNgambo

Asalaam aleikum na habari za usiku, walimu wenzangu na wazazi. Uzi ni mrefu, mwenye chai yake aimimine kwanza.

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 5 huku Likoni. Kwangu ni Majengo, kwa hivyo kila siku navuka feri na mkoba wa madaftari begani. Darasa lina watoto 54. Muhula wa kwanza nilikuwa nasahihisha insha kama nilivyosahihishiwa mimi: kalamu nyekundu, kila kosa duara, chini naandika alama juu ya 40 na maneno mawili. "Fanya bidii." "Hati mbaya." "Zingatia hijai." Daftari moja dakika sita, zidisha kwa 54, ni saa tano na zaidi. Jumamosi yangu yote ilikwenda hapo. Jumatatu nawarudishia, wanatazama alama, wanaulizana "wewe umepata ngapi?", daftari linafungwa. Wiki ya pili makosa ni yale yale.

Kilichonizindua ni jogoo.

Niliwapa "Siku Nisiyoisahau". Nikawa nasubiri feri saa tisa alasiri, jua bado kali, nikatoa madaftari manne nipunguze mzigo wa Jumamosi. La kwanza: "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi na mapema. Jogoo aliwika kokoriko! Niliamka nikapiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi kwa mkate uliopakwa siagi." La pili, jogoo. La tatu, jogoo na siagi yake. La nne ni la mtoto ninayemjua kwao, ghorofa ya tatu, kuku hawajawahi kufugwa hapo. Jogoo! Na juu yake akaongeza "baridi ilinitafuna mpaka mifupani". Baridi, Likoni, mwezi wa pili.

Usiku nikahesabu yote. Majogoo 37.

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka. Nilifungua maandalio yangu ya wiki ya tatu, nikakuta mfano niliouandika ubaoni kwa mkono wangu: "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jogoo aliwika..." Jogoo alikuwa wangu. Siagi pia yangu. Na watoto wale nilikuwa nimewaandikia pembeni, kwa wekundu, "Tumia ubunifu."

Basi nikachukua madaftari kumi bila kuchagua, nikasoma maoni yangu tu. Sikusoma insha. Nikajiuliza: mtoto wa miaka kumi akisoma neno hili, kesho atafanya nini? "Fanya bidii": atafanya nini hasa? Akaze kalamu? "Panua mawazo": ayapanue kwa mikono? Zaidi ya nusu ya niliyoyaandika hayana pa kushikwa.

Wakati huohuo kuna kijana wa deski la nyuma. Insha yake ilikuwa mistari saba, mitatu ya jogoo, na duara zangu 19. Wakati wa mapumziko nikamsikia anawapigia wenzake hadithi, mikono iko juu, wenzake hawana mbavu. Shangazi yake anauza viazi karai jioni. Mvua ilinyesha, turubai likajaa maji likainama, maji yakamiminika ndani ya karai la mafuta ya moto. Nikamwambia, "Mbona hukuandika hiyo?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Hiyo si insha, mwalimu."

Neno hilo nililala nalo.

Muhula huu wa pili nikabadilisha mambo kadhaa. Sitayapanga kama mtaala, nitasema tu yaliyoshika.

Kwanza, andiko la kwanza halipati alama. Linapata maswali mawili, na maswali yenyewe ni ya msomaji anayetaka kujua, si ya hakimu. Yule kijana aliandika: "Turubai lilijaa maji. Maji yakamwagika. Mafuta yakaruka. Watu wakakimbia." Zamani ningesema "Panua". Nikamwuliza: mafuta yalitoa sauti gani? Nani alikimbia kwanza? Siku ya pili akaleta hivi, naunakili nilivyoukuta:

"Mafuta yalilia chwaaa kama mvua ya kwenye mabati na shangazi akasema rudini nyuma rudini nyuma na wa kwanza kukimbia alikuwa baba mmoja mnene wa kanzu alikimbia na sahani ya kwetu hata kachumbari haikumwagika"

Nukta hakuna hata moja. Nimeiona, usinikumbushe. Lakini "hata kachumbari haikumwagika", jamani! Miaka tisa ya kufundisha sijawahi kupewa sentensi kama hiyo.

Pili, kila wiki naangalia aina moja tu ya kosa. Wiki ya nukta ni ya nukta. Herufi kubwa zitangoja zamu yao. Makosa mengine nikiyaona nayaandika kwangu, si kwake.

Tatu, na hili ndilo wengi tunaliruka: wakirudishiwa madaftari wanapewa dakika kumi palepale darasani kujibu maswali yangu, kalamu mkononi. Bila dakika hizo kumi maoni yangu ni mapambo tu.

Nne, madaftari 11 kwa wiki nayasoma kwa kina, yaliyobaki nayapitia dakika moja moja na kuangalia lile jambo la wiki. Kwa wiki tano kila mtoto amesomwa vizuri mara moja. Sasa kazi nzima ni saa mbili na ushei. Jumamosi nimeirudisha kwa wenyewe nyumbani.

Tano ni kijidaftari. Cha shilingi kumi na tano, kinaingia mfuko wa shati. Nikiwa kwenye feri narudi naandika mistari mitatu: nilitaka wafanye nini, walifanya nini, kesho nibadilishe nini. Basi. Feri ikigusa upande wa pili nafunga. Ile fomu ya tathmini ya mwalimu tunayojaza kwa mwajiri wetu najaza kama wenzangu wote, lakini tusidanganyane, mle huandikwa unachotaka kuonekana. Kijidaftari hakionwi na mtu, ndiyo maana nakiambia ukweli.

Nataka kusikia wengine mnafanyaje. Na mnaopinga karibuni pia.

#2 MpishiWaMahamri

Mimi si mwalimu, nimeingia kwa ajili ya jogoo. Ile insha nimeiandika mimi miaka ya tisini huko Changamwe, na jogoo wangu aliwika na siagi nikapaka. Kwetu tulikula mahamri na mbaazi kila asubuhi ya Mungu. Haikunipitikia hata siku moja kwamba mbaazi zinaruhusiwa kwenye insha.

#3 ChakiNaVumbi

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi nimestaafu baada ya miaka 31 ya chaki, kwa hivyo nivumilie nikipinga.

Elimu ya bure ilipoingia 2003 mimi nilikuwa na darasa ambalo watoto wa nyuma sikuwajua majina mpaka muhula wa pili. Deski la watatu wanakaa watano. Na bado nilisahihisha kila kosa, kwa sababu kosa usilolisahihisha mtoto analichukua kuwa sawa. Leo anaandika "haujui" akikusudia "hujui", unamwachia kwa kuwa si wiki yake. Kesho yuko sekondari bado "haujui". Nani wa kulaumiwa?

Halafu hao majogoo mnaowacheka. Insha ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilikuwa dakika 40 kwa alama 40. Mtoto wa kijijini aliyeingia pale na mwanzo wake mkononi, na methali zake mbili na "nikapiga moyo konde", alitoka na alama za kumpeleka shule nzuri. Tuliwapa jogoo kwa sababu jogoo alikuwa akilipa.

#4 MwalimuWaNgambo

Shikamoo mwalimu. Hapo pa jogoo kulipa umenigonga, na ni kweli, nami ni mtoto wa jogoo huyo. Lakini KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa Gredi ya 6 wana KPSEA, tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, na mle mtoto anachagua A, B, C au D. Kwa hivyo tumebaki na jogoo asiyelipa tena. Wengine wameona insha haimo mtihanini wakaiacha kabisa, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi kuliko jogoo.

Kuhusu "haujui", nimekuelewa na nakubali nusu. Siliachi, nalihamisha. Kosa nikiliona kwa watoto watano au sita linaingia kijidaftarini, na Alhamisi nalifundisha ubaoni kwa wote, kwa sentensi zilizotoka kwao bila kutaja mwenyewe. Duara 19 kwenye ukurasa mmoja mtoto hajui aanzie wapi, hivyo haanzi. Yule wa viazi karai aliniambia alidhani ukurasa wake umemwagikiwa na kitu.

#5 MamaWawili_Kisauni

Niseme kwa upande wa mzazi. Mwaka jana mwanangu alileta daftari lina makosa yaliyo wazi kabisa, mwalimu ameyapita, ameweka swali moja tu na tiki. Nilikasirika. Nikajisemea huyu mwalimu mvivu, sisi tunalipa hela za mitihani na za makaratasi kila kukicha, na kazi yake hafanyi. Nilikwenda mpaka shule nikamsema mbele ya wenzake.

Leo nasoma uzi huu nafikiri pengine alikuwa akifanya kama wewe. Lakini mwalimu, mngetuambia! Mzazi ataotaje?

Na jingine. Hizi ripoti za siku hizi za "Kukaribia Matarajio" na "Mbali na Matarajio" mimi hazinifai kitu. Mbali kiasi gani? Mbali kama Mtwapa au mbali kama Malindi?

#6 MwalimuWaNgambo

Mama Wawili, kosa hilo ni letu. Mimi nilijifunza kwa kuitwa ofisini. Mzazi alikuja na daftari analipunga, naibu wa mwalimu mkuu akaniuliza "hii ndiyo kazi?" Tangu hapo kila daftari lina kikaratasi nimekibandika ndani ya jalada: "Wiki hii mwalimu anaangalia ___ tu. Makosa mengine ameyaona." Pale penye pengo mtoto anajaza mwenyewe kila Jumatatu. Simu za malalamiko zimekwisha. Wazazi wengine sasa wanakaa na mtoto kumwuliza maswali ya aina ileile, na hao watoto nawatambua bila kuambiwa.

Ya Mtwapa na Malindi nitaisimulia majilisini kesho.

#7 BintiMvita

Mmegusa mambo yote mkaruka la kwetu.

Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale. Darasa la sita tulipata mwalimu mgeni kutoka bara, mtu mzuri sana, sina neno naye. Akatupa insha. Mimi nikaeleza nilivyoteleza kwenye ngazi za msikitini, na nikaandika: "Nilipoanguka wenzangu wote wakaniteka."

Daftari likarudi. Pembeni kwa wekundu: "Walikuteka nyara? Uliokolewa na nani? Mbona hukueleza?"

Nikapeleka nyumbani kwa nyanya. Alisoma, akaita majirani, akateka mpaka matozi yakamtoka.

Kwa wasiojua: kwetu kucheka ni kuteka, macho ni mato, mchele ni mtele, njia ni ndia, njoo ni ndoo. Mtoto wa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, akiandika "nikafumbua mato" hakukosea hijai. Ameandika anavyosema mamake. Ukimzungushia duara jekundu bila neno, unamfundisha kwamba lugha ya mamake ni kosa. Mimi baada ya siku ile niliandika sentensi fupifupi za kuogopa mpaka darasa la nane.

Na lililonichoma nilipokuwa mkubwa: mkutano uliokubaliana kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja ulifanyika hapahapa Mombasa, mwaka 1928. Wageni wamekaa mjini kwetu wakaamua yetu ibaki ya nyumbani. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa aliyefariki 1840 na mpaka leo washairi wanamrudia, angefufuka akaketishwa Gredi ya 5 angepata duara ngapi?

Sisemi sanifu isifundishwe, mtihani ni wa sanifu. Mimi na dadangu anayefundisha Tudor tunafanya hivi: mtoto anachora mstari katikati ya ukurasa wa nyuma wa daftari. Upande huu "ya nyumbani", upande ule "ya kitabuni". Mato, macho. Kuteka, kucheka. Neno likitokea kwenye insha haliitwi kosa, linaulizwa tu "hili ni la upande gani?" Kisha mtoto anaamua: anayesema ndani ya hadithi ni nyanya, basi aseme kinyumbani. Msimulizi aseme kitabuni. Watoto wa Gredi ya 4 wanaliweza hilo, na wale wa kutoka bara wanaona wivu hawana upande wa pili, mpaka nao wanaujaza kwa Kikamba na Kijaluo.

#8 MwalimuWaNgambo

BintiMvita, nimeinamisha kichwa. Nimekwenda kwenye kijidaftari sasa hivi, wiki ya pili, nimejiandikia: "Bado wanaandika mtanga. Rudia tena ch na t." Mimi nilidhani ni hijai. Kesho nachora mstari.

#9 Mwanagenzi2

Samahani walimu wakubwa, mimi ni mwanagenzi, ndio mwaka wangu wa kwanza. Swali langu dogo: mtoto ameandika mistari miwili tu, na yenyewe haisomeki. Utamwuliza maswali mawili juu ya nini? Ninao wanane hivi, na nikiwaendea wanafunika daftari kwa mkono.

#10 MwalimuWaNgambo

Si swali dogo, hilo ndilo kubwa. Wanaofunika daftari ninao pia, sita. Kwa hao sianzi na daftari. Naketi kwenye deski lao (uketi kweli, usiwasimamie kichwani) na kusema nisimulie. Anasimulia. Namwambia sentensi moja katika hizo ulizosema, chagua tuiandike. Anaichagua yeye. Mara ya kwanza naandika mimi kwa kalamu ya risasi, yeye anapita juu kwa kalamu yake. Siku hiyo imetosha. Baada ya wiki mbili anaandika yeye mwenyewe ya kwanza, mimi nasubiri ya pili.

Mmoja katika sita hao tatizo lilikuwa macho. Alikuwa hauoni ubao. Muhula mzima nilimwandikia "Nakili vizuri". Hiyo nayo imo kijidaftarini, na sipendi kuufungua ukurasa ule.

#11 MsomaUsiku

Nachangia kwa ufupi, mimi ni mtu wa maktaba kuliko darasa.

Hilo la kuondoa alama si la kubahatisha. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake: watoto waliopewa maoni matupu walisonga mbele, waliopewa alama tupu hawakusonga, na waliopewa vyote viwili, alama na maoni, walikuwa sawa na wale wa alama tupu. Yaani alama iliyameza maoni. Waliolieneza jambo hili kwa walimu ni Waingereza wawili, Paul Black na Dylan Wiliam, kuanzia 1998. Kabla yao kidogo, 1996, Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi za maoni ya kila aina wakakuta zaidi ya thuluthi moja ya maoni yalishusha kazi ya mtu badala ya kuipandisha. Hasa yanapomgusa mtu mwenyewe kuliko kazi yake. "Hati mbaya" sijui mngeiweka kundi gani.

Na huko Uingereza walimu walifikia mahali wanaandika kwa rangi mbalimbali, mtoto anajibu, mwalimu anajibu jibu. Mwaka 2016 kikundi kilichoundwa na serikali yao kikasema yatosha, usahihishaji uwe na maana, uwezekane na umpe mtoto hamu. Msije mkaigiza kile wenyewe walichokitupa.

#12 HesabuTupu

Sisi wa hesabu na sayansi tulipitishwa kwenye SMASSE, mradi wa serikali na Wajapani ulioanza 1998. Panga, tenda, tazama, boresha. Tulichukulia ni mzigo wa semina na chai. Ila sehemu moja ilinibakia: mnapanga somo watu watatu, mmoja anafundisha, wawili wanakaa nyuma wanatazama *watoto*, si mwalimu. Baadaye mnakaa. Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya darasa la mwenzangu nikaona kwamba akigeukia ubao, upande mzima wa dirishani unaacha kazi. Yeye hangeweza kuona, ana mgongo. Siku ya pili akaja kwangu akaona langu, nami sitalisema hapa.

Kijidaftari cha peke yako ni kizuri lakini nacho kina mgongo. Mwite mtu mmoja.

#13 ChakiNaVumbi

Hapo HesabuTupu nampa mkono. Enzi zetu mwenzako akiingia darasani kwako ni mkaguzi au ana deni lako.

#14 MwalimuWaNgambo

Nimerudi baada ya wiki tano. Nilisema karibuni mnaopinga, basi leo najipinga mwenyewe.

Wiki ya nane nilitaka watoto wasomeane na kuandikiana maoni, nipunguze mzigo zaidi. Nikawaachia dakika kumi nikasimama mlangoni nikiongea na mzazi. Niliporudi darasa zima limekuwa walimu. Kalamu nyekundu sijui walizitoa wapi. "Hati mbaya." "Fanya bidii." "Mawazo finyu" (hiyo ilinichekesha na kuniuma). Kuna aliyempa mwenzake 3/40 na kuchora duara mpaka karatasi ikatoboka. Msichana mmoja aliyeandika juu ya babu yake aliyefariki alikuwa amejifunika uso kwa daftari, analia bila sauti.

Sikuwafundisha maneno yale, lakini niliwafundisha.

Nilifuata ushauri wa HesabuTupu nikamwomba mwalimu wa Gredi ya 4 aje akae nyuma. Aliniambia kitu kimoja tu: "Wewe ukisoma insha kwa sauti mbele ya darasa, ukifika penye kosa unasimama. Ukifika penye uzuri hupunguzi hata mwendo." Niliapa si kweli. Siku ya pili nikajisikiliza. Ni kweli.

Sasa msikilizaji haruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya", na kalamu anaiweka chini. Mwandishi anasoma kwa sauti, msikilizaji anaanza na "nimeona..." kisha "sijaona..." Nimeona babu amekaa kwenye mkeka. Sijaona uso wake. Yule msichana alikubali kusoma tena siku ya tatu, kwa rafiki yake tu, nje chini ya mwarobaini. Sikuwakaribia.

Majogoo muhula huu wamekuwa manne. Mmoja ni halali, kwao wanafuga.

#15 Mwanagenzi2

Mwalimu, tunaomba kurasa za kijidaftari. Hata mbili. Mimi nikiandika naandika "somo lilikwenda vizuri" halafu sijui la kuongeza.

#16 MwalimuWaNgambo

Nakunakilia za wiki hii, zenye aibu nimeziacha humo humo.

"Jumatatu. Nilitaka nukta. Walifanya nukta, sasa kila maneno matatu wanaweka nukta kama wanapanda mahindi. Kesho: wasome kwa sauti, nukta pale wanapovuta pumzi."

"Jumanne. Pumzi imesaidia. Wenye mafua wameweka nukta nyingi."

"Jumatano. Hakuna. Nilipoteza saa nzima foleni ya feri."

"Alhamisi. Nilichoka. Nimemrudishia yule wa viazi karai daftari lina tiki tu. Amekuja mezani na kuniuliza: mwalimu, leo huna swali?"

#17 ChakiNaVumbi

Na ulimwuliza nini?

#18 MwalimuWaNgambo

Nilimwuliza kama yule baba wa kanzu alirudi kulipa.

Akaenda kukaa, akaandika mistari sita. Hakulipa. Lakini sahani alirudisha asubuhi yake, imeoshwa, na ndani ameweka malimau matatu.

#19 MpishiWaMahamri

Malimau! Huyo nampa 40.